Bamvua, bomba la inchi nne na kopo la maswali: sayansi darasa la sita bila maabara

#1 Mwalimu wa Mwambao (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwambao wa Tanga, kusini ya Pangani. Nafundisha sayansi darasa la sita na la saba. Humu kila ukifunguliwa uzi kuhusu watoto wetu kuikimbia sayansi, jibu linakuja lile lile: maabara hakuna. Ni kweli hakuna. Shuleni kwetu hata kabati la vifaa hatuna. Ila muhula uliopita nimeona jambo lililonibadilisha, nikaona nililete hapa kwa urefu wake, mwenye nafasi asome.

Siku hiyo nilikuwa ubaoni nimechora jua, dunia na mwezi, nimeandika chini yake kwamba kupwa na kujaa kwa bahari husababishwa na mvutano wa mwezi na jua. Watoto wananakili kimya. Binti mmoja, mama yake analima mwani, akanyoosha kidole. Akasema: "Mwalimu, mama kila bamvua anakwenda mwani saa nne asubuhi. Kwa nini bamvua maji yanakupwa saa nne? Kwa nini hayajawahi kukupwa saa nane?"

Kwa msio wa pwani, bamvua ni zile siku maji ya bahari yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Nimefundisha mada ya kupwa na kujaa miaka tisa. Nimezaliwa pwani. Najua kabisa kwamba bamvua ukitaka kuokota chaza unatoka asubuhi maji yakiwa yametoka mbali, na jioni saa kumi yamerudi mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini ni saa ile ile kila bamvua. Nilikuwa na njia mbili: kumwambia hilo halimo kwenye mada, au kusema ukweli. Nikasema sijui. Darasa likanyamaza, maana hawajazoea kulisikia neno hilo kwa mwalimu. Nikaongeza: tupime.

Kupima kwenyewe kulianza vibaya. Tulichomeka boriti kuukuu kwenye mkono wa bahari unaoingia mikokoni, tukaichora alama za sentimita kwa tepu ya fundi cherehani. Watoto wanasoma, mmoja anasema 210, mwenzake 230, kwa sababu mawimbi yanapanda na kushuka. Ugomvi ukawa kila siku. Na maji yakijaa usiku hakuna wa kusoma.

Kijana mmoja, mtoro wa kutajwa, anayekaa dawati la nyuma, ndiye aliyekuja na suluhisho. Alisema nyumbani kwao wakichota maji baharini, ndoo ikishawekwa chini maji yanatulia hata kama bahari inachafuka. "Basi tuiweke bahari ndani ya ndoo." Wenzake wakacheka. Mimi nikamwambia aeleze vizuri. Akaeleza: bomba lililotobolewa chini, limesimama majini. Maji ya ndani yatapanda na kushuka na bahari, lakini wimbi halitaingia.

Fundi bomba wa kijijini akatupa kipande cha bomba la inchi nne kilichopasuka mdomoni, mita tatu na kidogo. Tukakitoboa matundu madogo upande wa chini, tukakifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya gati la zamani. Ndani tukaingiza ufito mrefu wenye alama, tukausugua chaki kutoka juu mpaka chini. Maji yakipanda yanaondoa chaki, yakishuka yanaacha mstari. Asubuhi unachomoa ufito, unasoma pale chaki ilipoishia. Bahari imejiandikia yenyewe usiku kucha, wewe ukiwa umelala.

Nilikuja kujua baadaye kwamba vituo vinavyopima maji ya bahari bandarini vimetumia wazo hilo hilo, bomba au kisima chenye tundu dogo chini linalozuia mawimbi. Mtoto wa darasa la sita alilifikia kwa kutazama ndoo.

Tuliandika siku arobaini. Tarehe ya mwezi wa mbinguni, saa ya kujaa, sentimita. Nitaeleza tulichokiona, ila kwanza nasikiliza maswali.

#2 Kidawa wa Korogwe

Mwalimu hongera sana. Swali langu ni la mwalimu mwenzako: darasa lina watoto wangapi? Mimi nina 94 chumba kimoja. Nikiwapeleka mtoni kupima chochote nitarudi na 90.

#3 Mwalimu wa Mwambao

Dada Kidawa, nina 87. Sikuwapeleka wote, na nashauri mtu asijaribu. Kila siku walikwenda wanne tu, wale wanaokaa jirani na gati, na mzazi mmoja yupo. Sharti la kwanza lilikuwa hakuna anayeingia maji yakipita magoti, na ufito unachomolewa maji yakiwa yamekupwa. Wanne hao wakifika darasani wanasoma namba zao kwa sauti, na darasa zima linaandika kwenye daftari la mraba. Kwa hiyo kupima ni kwa wanne, lakini kubishana ni kwa 87.

Na hapo kwenye kubishana ndipo kazi ilipo. Nilibandika karatasi ya manila ukutani, kila siku mmoja anakuja kuweka nukta yake. Siku ya kumi nukta zilianza kuonyesha mlima. Siku ya kumi na nne mlima ukashuka bondeni. Sijawahi kuona watoto wanawahi darasani ili kujua nukta ya leo inakaa wapi. Walikuwa wanawekeana dau la maembe kwamba kesho itapanda au itashuka. Nikawaambia anayeweka dau lazima aseme sababu. Sababu ndizo zilizoanza kuwa sayansi.

#4 Mgosi wa Shume

Mwalimu shikamoo. Uzi wako umenikumbusha jirani yetu wa milimani, maana mimi ni wa Lushoto na hii hadithi tumekua nayo.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, hapa hapa Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa finyu. Mwenzake mmoja hakuchemsha, akachanganya maziwa mabichi na sukari akawahi kuweka. Mpemba akaona akisubiri ya kwake yapoe atakosa nafasi, akaingiza maziwa yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu alipofungua, ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba alichanganyikiwa, haiwezekani.

Sasa sikilizeni kitu ambacho watu wengi wakiisimulia hadithi hii wanakiruka. Mwaka huo huo, likizo, alikutana Tanga na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu. Rafiki yule akamwambia yeye huweka ya moto makusudi, kwa sababu inaganda haraka. Kwa hiyo muuza aiskrimu wa Tanga mjini alikuwa anakijua kitu ambacho mwalimu wa fizikia alisema hakiwezekani.

Alipofika shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena walipokuwa wakisoma kanuni ya Newton ya kupoa. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Ikawa wimbo darasani, akikosea hesabu wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Hebu fikirieni uvumilivu wa kijana huyo. Akafanya jaribio mwenyewe kwa maji, kwenye friza ya maabara ya biolojia.

Kisha akaja Mkwawa mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza: maji yenye ujazo sawa, moja nyuzi 35, lingine nyuzi 100, yakiwekwa kwenye friza, kwa nini yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe alikwenda kusomea wanyamapori Chuo cha Mweka na akafanya kazi ya wanyamapori.

Mtoto wa nyuma na bomba lake, na yule binti wa mwani, kwangu hao ni ndugu zake Mpemba.

#5 Hesabu Kavu

Mkuu Mgosi umesimulia vizuri, ila tusiwadanganye watoto. Wanasayansi wengine walirudia vipimo hivyo kwa uangalifu, mfano watafiti wa Uingereza mwaka 2016, wakasema hawakuuona ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto yanapoa haraka zaidi. Walionyesha kwamba ukisogeza kipimajoto juu au chini kidogo tu kwenye chombo, matokeo yanageuka. Wapo wengine wanaoutetea. Mjadala haujafungwa.

La pili, kwa mleta uzi. Mwisho wa siku kuna mtihani wa darasa la saba. Maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Siku arobaini za kupima bahari, wakati mwalimu wa shule ya jirani amemaliza mada nzima na anapitia mitihani iliyopita! Mimi ni mzazi. Mwanangu akikosa kwenda kidato cha kwanza, nukta za kwenye manila hazitamsaidia. Nasema kwa nia njema.

#6 Mwalimu wa Mwambao

Ndugu Hesabu Kavu, nashukuru kwa yote mawili.

La Mpemba, hilo ulilosema ndilo ningependa mtoto wa darasa la sita alisikie: kwamba swali la mwanafunzi wa Magamba bado linawakesha watu wazima zaidi ya miaka hamsini baadaye, na kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja unaweza kupata jibu jingine. Mtoto aliyegombana na mwenzake kuhusu 210 na 230 anakuelewa mara moja.

Lakini Mgosi amenigusa mahali panapouma, na lazima niliseme hapa. Mlima wa nukta zetu ulipokamilika, kilele kilikuwa sentimita 285, siku ya mwezi kumi na saba. Bonde lilikuwa 175, mwezi tisa. Sasa kitabu kinasema maji hujaa zaidi mwezi ukiwa mpevu. Mpevu ulikuwa kumi na tano. Nikawaambia mbele ya wote: mmekosea kuandika tarehe. Binti wa mwani akasema hawakukosea. Nikamwambia kitabu hakiwezi kukosea na ninyi mkapata. Nilisema hivyo, mimi niliyesema tupime.

Hawakubisha tena, lakini waliendelea kupima. Bamvua la mwezi mchanga lilipokuja, kilele kikawa mwezi tatu. Tena nyuma ya mwandamo. Wakaniletea daftari mezani bila kusema neno.

Jioni nikaenda kwa mzee mmoja mvuvi, nikamwuliza bamvua kubwa ni mwezi ngapi. Akanitazama kama nimemuuliza kulia ni wapi. Akasema bamvua haliji na mwezi, linaufuata mwezi. Siku moja, siku mbili. Nikaenda kusoma zaidi, nikakuta ndivyo ilivyo pwani nyingi duniani: bahari ni maji mengi mazito, hayaitiki papo hapo, yanachelewa. Kitabu cha shule kimefupisha tu. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikawaomba radhi, nikamwita binti yule aandike ubaoni kwa mkono wake: kilele huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mchanga. Aliandika kwa herufi kubwa sana.

Kuhusu mtihani. Kupima kulifanyika nje ya vipindi, asubuhi na jioni. Darasani nilitumia vipindi vitatu vya dakika arobaini kwa mada nzima, na dakika tano tano za nukta. Swali la herufi likija, "Maji ya bahari hujaa zaidi wakati gani", mtoto huyu hahitaji kukariri A au C. Kwanza alilowa miguu. Halafu nikuulize wewe mzazi: akifika kidato cha kwanza na masomo yote yamegeuka Kiingereza, kitakachobaki kichwani ni sentensi aliyoikariri kwa Kiswahili au ni ule mlima aliouchora? Sentensi inabidi akariri upya kwa lugha nyingine. Mlima anaubeba kama ulivyo, anatafuta maneno tu.

#7 Mwalimu Kilifi

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi, gredi ya saba hadi ya tisa. Kwetu gredi ya saba ya kwanza ilianza 2023, na wanafunzi wakabaki kwenye shule za msingi, kwa hivyo wengi tulianza kufundisha sayansi bila maabara. Mtaala unataka mwanafunzi achunguze, vifaa hamna. Mwalimu wa Pangani, najua unachosema.

Nililofanya mimi ni la mtungi. Niliwauliza kwa nini maji ya mtungi ni baridi kuliko ya ndoo ya plastiki, na vyote vimekaa chumba kimoja. Majibu yalikuwa matamu: udongo una ubaridi wake, mtungi hauna mwanga, mtungi unakaa mchangani. Nikawaambia kila jibu tulijaribu. Tukaufunika mtungi kitambaa cheusi na ndoo kitambaa cheusi. Tukautoa mchangani tukauweka juu ya meza. Bado mtungi baridi. Kisha tukapima vyote viwili kwa mizani ya dukani, Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, hakuna aliyechota. Ndoo yenye kifuniko ilikuwa vile vile. Mtungi ulikuwa mwepesi. Maji yamekwenda wapi na haukuvuja? Msichana mmoja akaupapasa kwa nje akasema, "Unatoa jasho." Sikuwa na haja ya kufundisha zaidi ya kuwaonyesha kwamba jasho likikauka huondoka na joto, kama mgongo wako ukitoka kuoga upepo ukakupiga.

Jambo sikulitarajia: masika ilipofika wakaniambia mtungi haufanyi kazi tena vizuri. Hewa imejaa unyevu, jasho halikauki. Hilo sikulipanga, walilileta wenyewe.

#8 Kidawa wa Korogwe

Mwalimu Kilifi umenipa somo la wiki ijayo. Mimi nami nichangie langu. Choya ile ya kutengenezea juisi, ukichemsha maua makavu unapata maji mekundu. Gawa kwenye chupa tatu za plastiki zilizokatwa. Moja kamulia ndimu, moja tia magadi kidogo, ya tatu acha. Ya ndimu inazidi wekundu, ya magadi inageuka kijani kibichi cha ajabu, watoto wanapiga kelele mpaka mwalimu mkuu anatoka ofisini. Halafu wape kazi ya kuleta vitu vya nyumbani: maji ya majivu, sabuni ya unga, siki, maziwa yaliyoganda. Wasiambiwe kwanza kipi ni asidi na kipi ni besi. Wapange wenyewe kwa rangi, majina yaje baadaye.

#9 Mama Wawili

Samahanini, mimi siyo mwalimu. Niko Dodoma, bahari naiona kwenye picha. Nina watoto wawili, wa miaka kumi na moja na kumi na tatu. Wanapenda kuuliza, na ukweli ni kwamba sisi tumelelewa mtoto hamhoji mkubwa. Bibi yao akisikia "kwa nini" mara tatu anasema mtoto huyu hana adabu. Na shuleni wananiambia hawaulizi kwa sababu wenzao watawacheka. Nifanye nini?

#10 Mwalimu wa Mwambao

Dada, umeuliza jambo zito kuliko maabara. Adabu yetu siitaki iondoke. Ila nimeona kwamba mtoto anaweza kuuliza bila kumhoji mtu, akiiuliza dunia. "Bibi, umekosea" ni utovu. "Bibi, tuweke ndizi mbili tuone" siyo utovu, na bibi mwenyewe atakaa kusubiri.

Kuhusu kuchekwa, mimi nimeweka kopo la maziwa ya unga mlangoni, nimelitoboa tundu kwenye kifuniko. Mtoto anaandika swali bila jina. Ijumaa tunafungua matatu. Haya ni baadhi niliyoyatunza:

Kwa nini kuku akinywa maji anainua kichwa?
Kwa nini adhana ya kijiji cha ng'ambo inasikika alfajiri na mchana haisikiki?
Kwa nini ndizi zikivundikwa zinaiva pamoja?
Kivuli changu huenda wapi saa sita?

La adhana lilinichukua wiki. Alfajiri hewa ya karibu na ardhi ni baridi na ya juu ina joto kidogo, hivyo sauti inayopanda hupindishwa kurudi chini na kufika mbali. Mchana ardhi imechemka, mambo yanageuka, sauti inapinda kwenda juu na kupotea. Waliposikia hivyo kuna aliyesema ndiyo maana baba yake akiwa ng'ambo huita mtumbwi mapema. Sijui kama baba yake alilifikiria hivyo, lakini mtoto ameunganisha.

Kwa Dodoma, anzeni na ndizi. Chukua mbichi mbili zilizotoka kwenye chane moja. Moja ifunge kwenye mfuko wa karatasi peke yake, nyingine ifunge na ndizi iliyoiva. Waandike kila siku rangi. Ndizi iliyoiva hutoa gesi inayoitwa ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoambukiza nyingine uivaji. Lakini tafadhali usiwaambie neno hilo mpaka waseme wenyewe kwamba lazima kuna kitu kinatoka kwenye ndizi iliyoiva. Watajaribu mfuko wenye tundu. Watajaribu chungwa. Waache.

La kivuli ni la mwaka mzima. Chomekeni kijiti wima uani, na kila Jumamosi wapige alama mahali kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, ambako hapa kwetu ni baina ya saa sita na saa saba mchana. Mwezi Juni kivuli kitaangukia kusini. Desemba kitaangukia kaskazini. Na katikati, mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kitapotea kabisa chini ya kijiti, kwa sababu jua limepita utosini. Watu wa Ulaya hawalioni hilo kamwe kwao. Sisi tunaliona mara mbili kwa mwaka na hatunyanyui hata kichwa.

#11 Hesabu Kavu

Nimesoma yote. Bado nina wasiwasi na mtihani, ila nimeagiza bomba. Lakini mwalimu, swali la binti hujalijibu. Kwa nini saa nne?

#12 Mtoto wa Mkunazini

Kaka Hesabu, niruhusu mimi wa Unguja nilijibu, maana marehemu babu yangu alikuwa nahodha na nimekaa na jambo hili.

Maji yanaufuata mwezi, siyo saa ya ukutani. Mwezi huchelewa kama dakika hamsini kila siku, kwa hiyo na maji kujaa huchelewa hivyo hivyo. Leo yakijaa saa kumi jioni, kesho karibu na saa kumi na moja. Siku saba zikipita yamesogea kama saa sita, na ndiyo maana maji mafu, yaani siku yasipopanda wala kushuka sana, hujaa saa nne badala ya kupwa saa nne.

Sasa, bamvua huja pale mwezi, jua na dunia vikiwa mstari mmoja, mwezi mpevu au mwezi mchanga. Mwezi mpevu hukaa utosini usiku wa manane. Mwezi mchanga uko upande wa jua, kwa hiyo hukaa utosini mchana kati. Lazima iwe hivyo, ndiyo maana ya kuwa mstari mmoja. Na pwani yetu maji hujaa kama saa nne hivi baada ya mwezi kupita utosini, au kupita chini ya miguu yetu upande wa pili. Hesabu: saa sita na kitu, ongeza saa nne, ni saa kumi. Kila bamvua, saa kumi na zaidi kidogo yamejaa, na kama saa sita kabla yake yamekupwa. Saa nne asubuhi. Mama wa binti hakosi mwani wake.

Pwani nyingine za dunia muda huo ni tofauti, kwa sababu ya umbo la bahari na kina chake. Mkazi wa pwani nyingine atakuwa na saa yake ya bamvua. Sisi yetu ni saa nne.

#13 Mwalimu wa Mwambao

Mtoto wa Mkunazini, Mungu akubariki. Hivyo hivyo ndivyo tulivyofika, ila ilituchukua wiki mbili, chungwa, embe na tochi. Binti ndiye aliyeshika embe la mwezi. Alipozunguka mpaka nyuma ya mwenzake aliyeshika chungwa, akasimama, akasema "lazima iwe usiku wa manane", kisha akahesabu kwa vidole mpaka saa kumi. Hakuongea tena kipindi kizima.

Kuna swali lililobaki ambalo tumelijibu nusu. Nukta zetu zilionyesha bamvua la mwezi mchanga lilipita lile la mwezi mpevu kwa sentimita 14. Nikasoma kwamba njia ya mwezi siyo duara kamili, kuna siku uko kama kilomita 363,000 kutoka kwetu na siku nyingine kama 405,000, na ukiwa karibu unavuta zaidi. Darasa limekubali kwa muda. Wanasema watapima miezi mitatu waone kama zamu inabadilika.

Na jana kopo limetoa hili, mwandiko wa penseli, nalinakili kama lilivyo: "Kisima cha bibi kiko karibu na pwani. Maji yake hupanda bahari ikijaa?"

Sikujibu. Bibi amekubali watoto wawili waje na kamba yenye mafundo na jiwe mwishoni, mzazi akiwepo. Tumekwenda leo maji yakiwa yametoka, saa nne na robo: kutoka ukingo wa kisima mpaka kwenye maji ni mafundo kumi na tisa. Tunarudi saa kumi jioni.